Siku Niliyomsemea Mzee Wafula Mahakamani

Nikiwaambia kwamba nilisimama katikati ya mahakama ya Eldoret, suruali imepigwa pasi mpaka mstari unakata, tai shingoni, na watu wakanicheka hadi askari wa mlangoni akageukia ukuta ili hakimu asimwone, mtadhani nawaletea kichekesho. Na kweli mwanzo wake unachekesha. Ni ule mwisho ndio unaonifanya nione haya mpaka leo, na watoto wangu wenyewe sijawahi kuwasimulia.

Enzi hizo wazungu bado wanashika mashamba yote, toka Turbo mpaka Soy mpaka kule Ziwa, na mji wetu huo wa Eldoret wazee wakiuita Sisibo, kutokana na shamba namba sitini na nne. Mimi nilikuwa kijana, mkalimani wa mahakama. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi: Mbukusu akisema, mimi nampelekea hakimu kwa Kizungu, hakimu akijibu, namrudishia Mbukusu. Basi. Hakuna aliyenilipa ili nifikirie. Lakini kufikiria ndiko nilikokuwa nako, kwa sababu nilikuwa nimeamua kuwa wakili (msicheke, mke wangu alishacheka kwa niaba yenu wote), na chuo kimoja cha sheria huko Uingereza kilikuwa kimenitumia fomu ya kuomba nafasi, nikaijaza kwanza kwa penseli, nikafuta, nikaijaza kwa wino, na tangu siku hiyo nikaanza kutembea mikono iko mgongoni, nasema polepole, hata kumuagiza mke wangu chai nilikuwa namuagiza kama mtu anayetoa hoja.

Kilichobaki ni barua za watu wawili wenye heshima wanaonijua. Mchungaji wetu alikuwa ameshaandika yake, akanisifu mpaka kuimba kwangu kwaya, sijui alidhani Waingereza wanatafuta sauti ya tatu. Ya pili nilitaka iandikwe na hakimu mwenyewe. Huyu alikuwa mzungu mrefu, mkimya, hasemi kitu kabla ya kukohoa kidogo. Nilipomuomba, akakohoa, akaniambia, "Mimi nakujua kwa kutafsiri tu. Kama una kichwa cha sheria, bado sijakiona. Lete karatasi zako Ijumaa, nitakuwa nimefikiri."

Bado sijakiona! Maneno hayo nilienda nayo nyumbani, nikalala nayo, nikaamka nayo. Nikajiambia, basi kabla ya Ijumaa atakiona.

Alhamisi ikaja kesi ya Mzee Wafula. Alikuwa skwota kule Soy, yaani anaishi na kulima kipande chake kwa kufanya kazi kwenye shamba la mzungu mmoja tuliyemwita Bwana Buti kwa sababu ya viatu vyake vikubwa. Shtaka lake ni kuacha kazi bila ruhusa wakati mahindi yanavunwa. Kesi kama hizo nilikuwa nimezitafsiri nyingi mpaka nazijua kwa moyo: mtu anakubali, anaeleza shida yake, hakimu anakohoa, anatoa onyo au faini kidogo, mtu anarudi kazini. Ningefanya kazi yangu kama siku zote, sote tungekula chakula cha mchana kwetu.

Mzee akasimama kizimbani, hana viatu, kofia ameishika kwa mikono miwili, akasema kwa Kibukusu, "Ni kweli niliondoka. Mke wangu alikuwa anatokwa na damu, nikampakia kwenye mkokoteni nikampeleka hospitali ya misheni. Bwana hakuwa nyumbani nimuombe ruhusa. Naomba anisamehe." Na huyo mke, Mama Nekesa, alikuwa amekaa benchi la nyuma, amejifunga shuka, uso umekonda, mtu yeyote angeona bado hajapona.

Maneno ya mzee yalikuwa yanatosha. Lakini mimi (mimi na tai yangu) niliyaona mepesi mno, hayana sheria ndani. Saa za chakula nilikuwa na tabia ya kusoma vitabu vya hakimu, na humo nilikuwa nimekuta kwamba mfanyakazi lazima asomewe kandarasi yake kwa lugha anayoielewa. Basi nikavuta pumzi, nikamgeukia hakimu, nikasema kwa Kizungu changu cha Jumapili, "Mheshimiwa, mshtakiwa anakana kosa. Anasema kandarasi hiyo hakusomewa kwa lugha anayoielewa kama sheria inavyotaka, na kwa hivyo tangu mwanzo ni batili." Hilo neno batili nikaliongezea na Kilatini.

Hakimu akaweka kalamu chini. Akamtazama mzee, akanitazama mimi.

"Amesema hayo yote?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Kwa maneno machache vile?"

"Kibukusu ni lugha fupi, Mheshimiwa."

Hapo karani mmoja wa duka, aliyekuwa anaelewa Kizungu, akaangua kicheko, akawanong'onezea walio karibu naye, na wale wakawanong'onezea wengine. Bwana Buti naye alikuwa ameshasimama, shingo nyekundu, anapiga kelele kwamba yeye alisoma kandarasi hiyo kwa mdomo wake mwenyewe, na hajawahi kuitwa mwongo na skwota wake mbele ya watu. Hakimu akamwambia akae. Kisha akafanya kitu ambacho sikuwa nimekifikiria hata kidogo (na huyo ndiye mtu aliyetaka kuwa wakili): akamgeukia mzee na kumuuliza kwa Kiswahili.

"Mzee, bwana wako alikusomea kandarasi?"

"Ndiyo, Bwana Hakimu. Alinisomea, nikasikia, nikatia kidole."

"Mbona umeniambia hakukusomea?"

Mzee akamwangalia hakimu, akamwangalia Bwana Buti, mwisho akaniangalia mimi. "Mimi? Mimi nimesema mke wangu alikuwa anatokwa na damu."

Watu wakacheka. Na jamani, hapo bado nilikuwa na nafasi. Ningesema, Mheshimiwa, kosa ni langu, niliongeza. Lakini niliwaza barua yangu, niliwaza kesho Ijumaa, mdomo ukafunguka wenyewe: "Mheshimiwa, nadhani mzee amebadilisha maneno yake kwa sababu ya woga."

Kwa Kizungu nilisema hivyo, lakini yule karani akayarusha nyuma kwa Kiswahili, na Mama Nekesa akainuka akishikilia benchi. "Mwongo ni huyo mwenye tai!" akasema. "Mume wangu haogopi, amesema ukweli!"

Hakimu akauliza, "Nani hapa anajua Kibukusu?" Nusu ya watu wakanyoosha mikono kama watoto wa shule. Akamchagua mama mmoja muuza maziwa, naye akasema maneno ya mzee yote, na damu na mkokoteni na kuomba msamaha, halafu akaongeza bila kuulizwa, "Na lugha yetu si fupi hivyo." Kicheko kilichotoka hapo ndicho kile cha askari na ukuta. Hakimu akaniambia niketi. Nafasi iliyokuwa wazi ilikuwa moja tu, pale kwenye benchi la washtakiwa, nikaketi hapo, katikati ya mwizi wa baiskeli na mlevi wa jana yake, na mlevi akanisogezea nafasi kwa heshima kabisa.

Mzee alipewa onyo tu. Mimi niliitwa ofisini baadaye. Hakimu hakupiga kelele. Akakohoa, akasema, "Nilitaka kuona kama una kichwa cha sheria. Unacho. Ungemfunga mzee huyu kwa ajili ya barua." Akanirudishia karatasi zangu, na kazi ikaishia hapo hapo.

Kama mkasa ungekoma hapo ningekuwa ninausimulia harusini. Lakini nilipotoka nje nilimkuta Bwana Buti anamsubiri mzee kando ya lori lake. Nikamkimbilia, nikamweleza kwa Kizungu kwamba mzee hana hatia, yale maneno ya kandarasi yalikuwa yangu. Hakunitazama hata. Akamwambia mzee kwa kile Kisetla chao, Kiswahili cha kuvunjavunja, "Wewe nasema kandarasi ni bure? Sawa. Kama kandarasi ni bure, shamba hapana yako. Toa ng'ombe yako, toa bibi yako, kwenda."

Hoja yangu ile ile. Aliishika vizuri kuliko hakimu.

Jumamosi nilipanda baiskeli mpaka Soy. Nilikuta nyumba imeshaezuliwa, mkokoteni umejaa vyungu na mikeka na kuku waliofungwa miguu, na shamba lao la mahindi limesimama pale limekauka vizuri tayari kuvunwa, na nyapara amewekwa mpakani ili wasiguse hata gunzi. Nikashika kiroba nisaidie. Mama Nekesa akakivuta kutoka mikononi mwangu, akakibeba mwenyewe, huku anahema. Nikabaki nimesimama na mikono yangu.

Mzee Wafula ndiye aliyenipa kamba ya ng'ombe niishike. Tukatembea pamoja mpaka barabara kubwa, yeye mbele ya mkokoteni, mimi na ng'ombe nyuma, halafu akasimama ili mke wake apumzike, akanigeukia.

"Kijana wangu, yale maneno uliyosema kwa Kizungu. Ulisema nimesema nini hasa?"

Nikamweleza yote. Nikamweleza ile sheria ya kandarasi, lugha, kidole, na jinsi kandarasi inavyoweza kuwa batili. Alisikiliza mpaka mwisho, anatikisa kichwa kidogo kidogo.

"Ni maneno mazuri," akasema. "Lakini ungeniuliza."

Akachukua kamba yake, wakaendelea na safari kuelekea kwao Kimilili. Mama Nekesa, nilisikia baadaye kwa watu wa kwao, hakufikia msimu wa kupanda.

Fomu sikuituma. Nimefanya ukarani wa maziwa, nimeuza mbegu, nimezeeka, na watu bado wanakuja kwangu niwaandikie barua kwa wakubwa kwa sababu wanasema Kizungu changu kizuri. Nawaandikia. Lakini kila mstari namsomea mwenye barua kwa lugha ya kwao, namuuliza ndivyo ulivyosema, akisema ndiyo namuuliza tena, mpaka wengine wanakasirika, wananiambia, mzee, si uandike tu, wewe unajua. Hapana. Sijui. Neno la mtu siongezi tena.