Moto Tatu Juu ya Kambi

Jirani yetu alikulia Tanzania, na Kiswahili chake kimenyooka kama suruali iliyotoka kupigwa pasi. Mtu akisema "watu iko mingi", yeye hurudia taratibu "watu ni wengi", bila hasira, kisha anaendelea na habari. Kwa hiyo siku aliposimama mlangoni mwa chumba anachoshonea baba na kusema kwamba kule Bugeshi, juu ya kambi ya wanajeshi, imeonekana mioto mitatu ikipanda mlima, baba aliondoa mguu kwenye cherehani.

"Nani ameona?"

"Yule mama anayetuletea viazi. Kwa macho yake, mzee. Mioto mitatu imefuatana, inapanda tu. Hakuna moshi, hakuna mlio."

Mama yangu alisema labda ni volkano. Jirani akasema moto wa volkano haupandi mlima, unashuka. Baba akasema moto usio na moshi yeye anaujua mmoja tu, akakohoa, hakumaliza. Nilijua anafikiria majini. Madrasa tulifundishwa wameumbwa kwa moto wa aina hiyo.

"Mimi nasema ni silaha mpya," jirani alisema. "Na mambo ya jeshi hayaulizwi."

Majini au silaha, kwangu ilikuwa hasara ileile. Baba alinigeukia: "Basi likizo hii hupandi Bugeshi kwa bibi yako."

Muhula mzima nilikuwa nikingoja likizo hiyo. Kwa bibi ndiko pekee ninakoongea bila mtu kuniambia nipaze sauti. Lakini sikujibu. Mimi sijibu watu. Nakaa na neno mpaka limepoa.

Safari hii neno lenyewe lilikataa kupoa. Mioto. Nilikuwa naosha sahani na kulisema polepole. Huko juu nani anasema mioto? Kwa mama wa viazi kitu kikiwa kimoja ni moto, vikiwa kumi ni moto. Na moto hapa kwetu ni ile unayoisimamisha barabarani kwa mkono, unavaa kofia, inakupeleka sokoni. Hata jirani akiongea Kinyarwanda anaiita hivyo. Ni akiingia kwenye Kiswahili tu ndipo inageuka pikipiki.

Mama wa viazi alipokuja, jirani alikuwa kwetu tena, anapimwa koti. Nilisimama na beseni.

"Mama," nilisema, "ile moto uliona, ilikuwa ya kuwaka ao ya kupanda?"

Alitua gunia. "Ya kuwaka ya nini? Mi nilisema moto! Moto ya kubeba watu! Tatu, na mataa yake, ziko zinapanda kwa mulima."

Mama yangu alicheka mpaka akakalia vitambaa vya wateja.

"Ulisema mioto," jirani alisema, futi ya kupimia bado imemzunguka kifuani.

"Mi? Mioto ni kitu gani?"

"Ungesema pikipiki, mama. Ningekuelewa."

"Donc, basi mi ndiye nilikosa!"

Baba hakucheka. "Na sauti? Moto ikipanda mlima inalia mpaka ng'ambo."

"Siku hizi kuna za umeme," mama yangu alisema. "Hizo hazilii."

"Pikipiki ya umeme ipande Bugeshi?" Jirani alifurahi kupata pa kushika. "Betri ingekufa njiani."

"Na fasi, pale mahali zilipita, mi naijua," mama wa viazi alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Nalima pale karibu. Haina njia. Ni mawe tupu."

"Watu juu yake uliwaona?" baba aliuliza.

"Niliona mataa."

"Kwa hiyo moto hukuiona."

"Sasa, taa inaweza kupanda mulima yenyewe?"

Baba alinitazama, akauliza mbele ya wageni, jambo ambalo huwa hafanyi: "We unasemaje?"

"Sijui," nilisema. "Lakini nyumba ya bibi inaangalia upande ule."

Alivuta futi kutoka kwa jirani, akaikunja, akaikunjua.

"Utaenda. Magharibi ikukute uko ndani, na kambi usiisogelee. Ukiona kitu kutoka dirishani, usiniletee jina lake. Niambie ulichoona."

"Na uhesabu kwa ngeli sahihi, binti," jirani aliongeza.

"Hesabu vile unataka," mama wa viazi alisema. Akaniambia tutapanda pamoja akirudi, anionyeshe hayo mawe kwa mbali, mchana, nione kama hapo hata mbuzi angepita.

Nilikubali kwa kichwa. Maneno yangu ya siku hiyo yalikuwa yamekwisha.