Mwezi Niliouvusha Hadi Ubwari

Nimechora Ziwa Tanganyika tangu sina ndevu, na sasa ndevu ni nyeupe. Kulivuka, sikuwahi hata mara moja! Naliogopa. Nimezaliwa milimani, penye ng'ombe, na kwetu maji ni ya kunywa. Nilishuka mji wa Baraka nikiwa kijana, nikaliona ziwa asubuhi moja, likanishika moyo. Tangu hapo nimelichora kutoka ufukweni, miguu mikavu.

Picha zangu walizichukua wafanyabiashara na wageni wapita njia. Nyumba ya mvuvi haikuwahi kutundika hata moja, na jambo hilo liliniuma kuliko nilivyokubali. Kwa hiyo Mzee Saidi, mwenye nyavu wa rasi ya Ubwari, ng'ambo ya maji, alipoagiza picha ya wavuvi kwa ajili ya sebule yake, nilimwambia mke wangu nitaipeleka mwenyewe. Alicheka mpaka akakaa chini.

Saa moja asubuhi, Baraka. Picha niliizungushia shitingi ya plastiki isilowe, mimi nikajifunga jile mbili, fulana za kujiokolea majini. Mwendesha boti akanitazama.

"Artisti, unaenda Ubwari ao unaenda vita?"

Katikati ya maji, mawimbi yalianza. Miaka yote nimekuwa nikiwaambia watu kwamba ziwa hunipa uvuvio. Siku hiyo lilinipa kichefuchefu. Mama mmoja mwenye kapu la mihogo alinishika kola nisije nikawafuata samaki, nami nikamwita "mama" ingawa angeweza kuwa binti yangu.

Saa nne, Ubwari. Mzee Saidi na mkewe, Mama Zaina, walinipokea kwa bugali na samaki mukebuka wa kukaanga. Wavuvi wakaja kuona. Nikafunua picha kwa madaha: mitumbwi sita ziwani, taa zinawaka, na juu yake mwezi mpevu, mkubwa kama sinia ya pilau. Mwezi huo ndio fahari yangu. Karibu kila picha yangu inao.

Mvuvi mmoja akaziba mdomo, mwingine akatoka nje, na huko nje nikasikia vicheko.

"Artisti," Mzee Saidi aliniuliza polepole, "hawa bantu banavua nini?"

"Ndagala," nikajibu. Ndio dagaa wetu.

"Ndagala inafuata taa kwenye giza. Mwezi ikiwaka hivi, haifuate tena taa yetu. Zile siku, sisi bote tunabaki ku nyumba."

Loo! Nilihesabu kichwani miezi yote niliyoitundika juu ya wavuvi, nikachoka kuhesabu. Nilitamani nchi kavu ipasuke inimeze. Ziwa hapana, hata katika aibu. Nikaanza kuifunga picha nirudi nayo. Nilijua sitaagizwa tena na mvuvi yeyote, na umri wangu si wa kungoja.

Mama Zaina akashika pembe ya shitingi.

"Acha hapo. We unarudisha mwezi yangu wapi?"

"Mama, si nimekosea?"

"Umekosea mitumbwi. Mwezi ikiwaka njo wakati bwana yangu analala ku nyumba, na harusi zetu zote tunazifanya zile siku. Toa mitumbwi ku maji. Mwezi ibakie."

Mzee Saidi alitazama chini, akitabasamu.

Siku mbili nilipaka upya kwa rangi nilizokuja nazo. Mitumbwi ikapanda mchangani, wavuvi wakakaa wakishona nyavu. Kila aliyepita alinisahihisha: wavu haushikwi hivyo, taa zikilala huwekwa ndani, na mmoja akaomba yule mnene nimfanye mwembamba kidogo, maana ni yeye. Mitumbwi yangu haijawahi kukaa vizuri kama ilipokaa nchi kavu. Mama Zaina alipigilia msumari kwa mkono wake, akaitundika mbele ya kiti cha mumewe. Nililia, sioni haya kusema.

Siku ya tatu, adhuhuri, Baraka tena. Ufukweni alikuwepo jirani yangu Baba Ramazani, mvuvi tuliyeishi naye ukuta kwa ukuta miaka yote, akishona wavu. Nikamsimulia kila kitu. Hakushangaa.

"Kumbe mulijua?"

"Tangu zamani."

"Na hamukuniambia!"

"Artisti," alisema bila kuinua macho, "miaka yote unakuya hapa kutuangalia. Siku hata moja haukutuuliza kitu."

Niliketi mchangani kando yake, nikamuuliza wavu ule unaanza kushonwa upande gani.