Wavu wa Baba na Nguruwe wa Kisiwani

Siku tuliyokimbia vita, watu wa Saio, mtaa wetu wa Bunia, walibeba magodoro. Baba yangu alibeba wavu. Ulikuwa wavu wa kuwindia, umesokotwa kwa magome ya mti wa msituni, mrefu kuliko kiwanja chetu chote, mzito hata ukiwa mkavu. Mama alimwambia aache kile kitu achukue sufuria. Baba aliutupa wavu begani akatangulia, na watu waliokuwa wanakufa kwa hofu wakapata nafasi ya kumcheka.

Alifariki kwa homa katika uwanja wa kanisa tulikokuwa tumehifadhiwa, kichwa chake kikiwa juu ya wavu huohuo. Tulimzika haraka, tukaondoka. Tuliporudi Bunia, mimi ndiye niliyeubeba wavu. Mwanamke kubeba wavu njiani, baadhi ya watu waliguna. Niliwaacha wagune.

Katika ukoo wetu, kilio cha mwenye wavu hakimalizwi kwa mbuzi. Kinamalizwa kwa nyama iliyonaswa katika wavu wake mwenyewe. Na nyama hiyo ikiingia nyumbani, wanawake wa nyumba hupiga ule ukelele wa kusukuma wanyama, ili marehemu ajue kwamba wavu wake umefanya kazi. Mpaka siku hiyo mjane havui nguo nyeusi. Mama alivaa zake mpaka zikawa rangi ya majivu. Kanisani alikaa karibu na mlango. Kwenye harusi hakukaa kabisa. Kisha kifua kikaanza kumsumbua, na siku moja, akichambua maharagwe, alisema bila kuinua macho:

“Minaona mutanizika na hii nguo.”

Akaendelea kuchambua. Mimi nilitoka nje nikaenda kusimama chini ya paa la jiko, mahali wavu ulipokuwa umening'inia, na nikakata shauri.

Misituni hatukuweza kwenda, kulikuwa na watu wenye silaha. Lakini baba, miaka yake ya mwisho ya kuwinda, alikuwa akishuka ziwani. Kusini mwa Tchomia, mji wa wavuvi, karibu na mdomo wa mto, kuna kisiwa cha mafunjo na vichaka ambacho wavuvi hukipita tu. Wakati wa kiangazi nguruwe wa pori huogelea mpaka huko kula mizizi, wale wakubwa weusi wenye manyoya magumu kama brashi ya viatu. Nilikwenda huko nikiwa msichana, katika kundi la wanawake wanaosukuma. Maana kazi ni hiyo: wanaume wanakaa nyuma ya wavu na mikuki, wanawake wanaingia kichakani wakipiga kelele na kuwapeleka wanyama kule. Mwanamume hushika mkuki dakika moja. Sisi hutembea asubuhi nzima ndani ya miiba, halafu usiku yeye ndiye anayesimulia.

Baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu, alikuja aliposikia. Alikaa kwenye kiti cha baba, jambo ambalo lilinikera hata kabla hajafungua mdomo.

“Nunueni mbuzi,” alisema. “Hii mambo ya wavu ni ya zamani.”

“Mama hakatai mbuzi, baba mudogo. Mama anakatalaka kuvua nguo juu ya mbuzi.”

“Basi mutafute gide. Kule kisiwani haiendeke bila gide. Bale bavijana ba ku ziwa banajua njia.”

Niliwajua hao vijana wa ziwani waliojiita magide, waonyesha njia. Tulikuwa katika ile amani ya Bunia: soko limejaa, shule zimefunguliwa, lakini kila mtu anapolala anajua viatu vyake viko upande gani wa kitanda. Katika amani hiyo watu waliokuwa wamebeba bunduki juzi walikuwa wameziweka chini na kuanza kuongoza wengine, kwa kuwa ni kweli njia wanazijua. Walizijua kwa kutufukuza humo.

“Ile njia nilifukuzwa nayo,” nilimwambia, “nionyeshwe nayo tena na ule alinifukuza? Apana. Njia ya kisiwa ninaijua miye. Baba alinipitisha.”

“Weye iko na kichwa nguvu.”

“Nilipata kwa kaka yako.”

Aliondoka bila kumaliza chai.

Tukaanza kupanga, mimi na mdogo wangu wa kiume. Yeye ni fundi baiskeli na mkuki alikuwa hajaushika tangu utoto, lakini alikubali kabla sijamaliza kueleza. Tulichora kisiwa kwa kijiti kwenye udongo wa kiwanja. Tulibishana juu ya upepo. Yeye alitaka wavu ukae upande wa nchi kavu, karibu na pirogi, yaani mtumbwi. Nilimkumbusha kwamba asubuhi upepo unashuka kutoka milimani kwenda ziwani, kwa hiyo wavu ukae upande wa maji mengi na sisi tusukume kutoka huku nchi kavu, la sivyo nguruwe atanusa mikuki na kurudi kutupitia juu ya miguu. Binti wawili wa mama mkubwa walikuja kutusaidia kushona mahali panya walipokula. Mbwa tulimwazima, mmoja wa wale wasiobweka, na mdogo wangu akamchongea kengele ya mti ya kuvaa shingoni ili tujue alipo. Bunduki hatukuitaja hata kwa utani.

Tatizo lilikuwa ukelele. Binti za mama mkubwa walikuwa wamekulia mjini, wanajua kuimba kwaya na hakuna zaidi. Nikasema tufanye mazoezi. Jumamosi asubuhi tukatandaza kipande cha wavu kutoka chooni mpaka kwenye mpera, mdogo wangu akasimama nyuma yake na mikuki ya baba, na sisi wanawake tukaanzia kwenye mlango wa kiwanja, tukipiga mabati, tukipaza sauti kwa nguvu zetu zote.

Hapo akili zilikuwa zimeniruka. Nilikumbuka upepo, nilikumbuka panya, sikukumbuka kwamba niko Bunia.

Kwanza avenue nzima, barabara yetu na nyumba zake zote, ilinyamaza. Kisha nikasikia milango. Kisha, juu ya ukuta wa matete, nikaona magodoro yanapita. Jirani yetu anayekaanga mandazi aliacha mafuta juu ya moto, akamfunga mtoto mgongoni na kukimbia na unga mikononi. Tulibaki tumesimama na mabati yetu, midomo wazi.

Mama peke yake hakushtuka. Aliinuka kwenye mkeka, na nguo zake za majivu, amekasirika kama mwalimu.

“Si vile! Munapiga kama batu banakufa. Ile ya nyama inapandaka, haishukake!”

Akajaza kifua chake kigonjwa na kuupiga ukelele yeye mwenyewe. Ulianza chini, ukapanda, ukapanda tena, ukakatika juu kabisa. Sikuwa nimeusikia tangu vita. Nililia papo hapo, sioni haya kusema. Na wale majirani wachache waliokuwa bado wanasitasita, nao wakabeba magodoro yao.

Shefu wa avenue, kiongozi wetu wa mtaa, alikuja mbio, shati limefungwa vibaya. Aliona wavu, mikuki, mbwa, wanawake watatu wanaotoka jasho na mmoja mwenye nguo nyeusi.

“Muko napanga vita mu avenue yangu?”

“Tuko napanga nguruwe, baba shefu,” alisema mama.

Alidhani anadhihakiwa. Nilimweleza yote, kilio, wavu, kisiwa. Alisikiliza, ni lazima nikiri kwamba alisikiliza. Lakini alikuwa ameona watu wake wakikimbia, na hasira ilikuwa bado haijashuka.

“Kisiwa, muende. Lakini na gide, nitapigia bale ba ku bariyeri simu, gide wenu bamuone na macho. Na ile kelele sitaki kuisikia tena hapa. Mukiipiga tena, mikuki yote nitaichukua.”

Jioni nilipita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Kwa mama wa mandazi nilikanda unga mpya kwa mikono yangu. Niliomba radhi kwa hofu tuliyowapa, kwa sababu hofu ile naijua. Kwa uwindaji sikuomba radhi kwa mtu yeyote. Watu walituondoa katika nyumba zetu, wakatuzuia kuzika vizuri, na sasa furaha yetu nayo ifanane na vita mpaka tuifunge mdomo? Nilirudi nyumbani nimekasirika kuliko nilivyotoka.

Siku ya kuondoka, mama alikuwa tayari amekaa mlangoni na fimbo yake.

“Mama, unaenda wapi?”

“Kule munaenda.”

“Na kifua?”

“Kitakuja na miye.”

Bariyeri, kizuizi cha askari, iko mahali barabara inapomaliza kushuka kuelekea ziwa. Askari alitazama wavu ndani ya gari tulilokodi, akatazama karatasi zetu, halafu akauliza lile swali.

“Gide wenu iko wapi?”

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi na makali. Sikuyahitaji. Mama alinyosha fimbo yake kutoka nyuma.

“Ni miye.”

“Weye, koko?” Alimwita bibi, na alianza kutabasamu.

Mama, ambaye naye alisukuma wanyama huko enzi za baba, akamweleza njia: mahali pirogi inapopita kati ya mafunjo, mahali penye matope yanayomeza mtu mpaka kiunoni, upande wa kushukia ikiwa ziwa limejaa. Hakukosea, wala hakusita. Askari aliacha kutabasamu, akainua kamba.

Kisiwa kilikuwa kidogo kuliko nilivyokikumbuka na miiba yake mirefu zaidi. Tulitandaza wavu upande wa maji mengi. Mama alibaki kwenye pirogi, akatuongoza kwa sauti. Kengele ya mbwa ilikwenda kushoto, ikasimama, kisha ikaanza kugonga kwa kasi, na sisi tukapanda na ukelele kama tulivyofundishwa. Nguruwe alitoka mweusi tii, akaingia wavuni kwa kichwa. Kamba za baba zilivutika zikalia. Hazikukatika. Mdogo wangu, fundi baiskeli, alifanya alichotakiwa kufanya, kisha akaanza kumfungua nguruwe wavuni.

Tulifika Saio mchana. Mwanzo wa avenue mdogo wangu alinishika mkono.

“Yaya,” aliniambia, mimi dada yake mkubwa, “tupite kimya. Shefu atatukamata.”

Lakini mama alikuwa ameshashuka kwenye gari. Alisimama katikati ya barabara na kujaza kifua. Nami nikasimama kando yake. Kama ni mikuki, waje waichukue.

Ukelele ulipanda. Avenue ikanyamaza, kama siku ile. Mama wa mandazi alitokea mlangoni, mtoto mgongoni, na nikauona mkono wake ukishika pazia, tayari kukimbia. Mama alimwona vizuri. Hakupunguza sauti. Alimtazama machoni na kuupandisha tena, juu zaidi, mpaka ukakatika. Yule mama alimfungua mtoto, akamweka chini taratibu, na kugeukia nyumba za jirani.

“Bamepata nyama!” alipiga kelele. “Mutoke! Bamepata!”

Wakatoka. Shefu naye akaja, akasimama mbele ya kiwanja, mikono mgongoni.

“Baba shefu,” mama alimuuliza, “umekuja bila sahani?”

Mama aliingia ndani ya nyumba. Alipotoka alikuwa amevaa kikwembe cha manjano, kitenge ambacho wote tulidhani kilipotea tulipokimbia, kimekunjika mistari. Nguo nyeusi alikuwa ameishika mkononi. Aliinama, akaisukuma chini ya sufuria ya nyama, katikati ya kuni, akasubiri mpaka ikashika moto. Kisha akaniambia nilete chumvi.