Mzazi Niliyemleta Siku ya Wakaguzi

Jamani, chekeni tu, maana nisiposimulia mimi mtasimuliwa na watu wa Dirma, na wao wataongeza chumvi. Bora mnisikie mwenyewe niliyeaibika.

Mnajua mimi ni muuguzi, mtu wa Kigoma, nimeletwa Hanang na serikali, na Kidatoga changu kinaishia kwenye salamu. Zahanati yetu ya Dirma iliingizwa kwenye ule mpango wa malipo kwa matokeo: mama akijifungulia kwetu, zahanati inalipwa, akijifungulia kwingine, hatupati kitu (na hela hiyo si ya soda, ndiyo inayotununulia glovu). Sasa siku hiyo wakaguzi wa mpango walikuwa wanakuja, na mganga mfawidhi, bosi wangu, tangu asubuhi alikuwa anazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. "Wakute hata mzazi mmoja wodini, jamani, hata mmoja!"

Mimi nilikuwa natoka Gehandu kufuata chanjo, nimepewa lifti na mfanyabiashara wa vitunguu kwenye pikapu yake, baridi inakata masikio. Mbele yetu nikaona mwanamke amejifunika shuka mpaka kichwani, ameinama, mikono yote imeshika tumbo, na tumbo lenyewe kubwa, tena (naapa!) linacheza. Anatembea kidogo, anasimama, anaguna. Sikumwamkia, sikumuuliza. Nilisema tu, "Simamisha gari, huyo uchungu umeshamshika!"

Tukamketisha mbele, mimi nikapanda nyuma juu ya magunia ya vitunguu, nagonga paa, "Ongeza mwendo!" Namsikia mama anapiga kelele kwa Kidatoga, na dereva, ambaye hajui hata neno, anambembeleza, "Vumilia mama, tunafika," na kadiri anavyombembeleza ndivyo mama anavyozidisha kelele, nami nikasema moyoni, huyu atazalia garini.

Tukaingia zahanati honi inalia. Ilikuwa siku ya kliniki ya watoto, kina mama wamejaa kwenye mabenchi, na wakaguzi ndio kwanza wanashuka kwenye gari lao. Mfawidhi aliponiona uso ulimng'aa. Nikambeba yule mama mikononi kama bibi harusi, napaza sauti, "Pisheni! Mzazi! Pisheni!"

Shuka likadondoka kichwani. Mvi tupu. Bibi kabisa, mtu wa kuamkiwa na kila aliyekuwepo pale. Kabla sijameza mate, tumboni kukatoka sauti: "Meee!" Kichwa cha kitoto cha mbuzi kikachungulia, kibichi bado, kinanitazama.

Uwanja mzima ukalipuka. Wapo waliokaa chini kwa kucheka. Bibi akanishushia maneno marefu huku ananinyooshea kidole, na mwanamke mmoja kliniki, Mama Neema, anayejua lugha zote mbili, akatafsiri huku anafuta machozi: "Anasema mbuzi wake amezalia malishoni, alikuwa anamwahisha huyu nyumbani asife na baridi. Anasema kule barabarani alikwambia kwamba yeye aliacha kuzaa wewe hujazaliwa."

Kiongozi wa wakaguzi, mama mmoja mwenye koti zuri, akaniuliza, "Dakta, tuandike dume au jike?" Wakacheka tena. Kisha akakunja uso. "Hii ndiyo shida yenu watumishi. Mnakimbilia takwimu badala ya watu."

Hapo aibu ilinikauka, ikabaki hasira.

"Takwimu mmezileta ninyi," nikamwambia. "Mimi niliona mtu anaumia nikakimbia. Masika iliyopita huyu Mama Neema alijifungulia njia ya Mogitu, gari limekwama, mimi nimepiga magoti kwenye tope, damu inatoka mpaka namwita Mungu kwa Kiha cha kwetu Kigoma. Wote wawili wako hai. Mkasema hahesabiki, kwa sababu hakuzalia ndani ya jengo!"

Mfawidhi ananivuta mkono ninyamaze. Mama Neema akainuka, akamnyanyua mtoto wake juu. "Huyu hapa. Mhesabuni basi."



"Utaratibu hausemi hivyo," yule mkaguzi mwenye koti akajibu, akaingia ndani. Neema hajahesabiwa mpaka leo, mfawidhi alininunia wiki nzima, na mimi nilimrudisha bibi kwa miguu, mbuzi nimembeba mwenyewe. Njiani ndipo nilipomwamkia. Aliitikia, kisha akacheka mpaka akashika mti.

Watoto wa Dirma sasa wananiita Dakta wa Mbuzi. Sawa. Somo nimelipata: amkia, uliza, ndipo ushike. Lakini niache kukimbia? Thubutu! Siku uchungu utakapomshika mtu kweli, hao hao wanaocheka ndio watakaoniita, nami nitakwenda, tulipwe tusilipwe, na palepale nitakapomkuta ndipo nitakapopiga magoti.