Hongera na Pole Siku Moja

Niliporudi nyumbani Miritini kutoka hospitalini, nilikuwa na mtoto mmoja mikononi na mwingine alikuwa ameshazikwa. Walikuwa pacha, msichana na mvulana. Mvulana aliishi siku mbili kwenye mashine ya joto. Mume wangu na ndugu zake walimchukua wakamzika kwao Kaloleni, mimi nikiwa bado kitandani, presha imekataa kushuka. Kaburi sikuliona. Msichana alibaki wodini mpaka akaongezeka uzito, ndipo tukaruhusiwa.

Kesho yake akina mama wa kanisa walikuja kunitazama. Nadhani hawakuelewana njiani. Wengine waliingia kimya, leso mabegani, wakavua viatu na kuketi mkekani kama watu waliokuja matangani. Wengine waliingia na sabuni, nepi na unga wa uji, nyuso zimechangamka. Mmoja alinishika mkono akasema, "Hongera, mama." Aliyemfuata akaushika mkono uleule akasema, "Pole, mama." Wote niliwajibu asante. Sikujua jibu jingine.

Mmoja alipoanza wimbo wa maziko, mama mkwe alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Matanga hapa hakuna! Nyumba hii ina mtoto mchanga. Ondokeni mkekani, kaeni vitini."

"Viti vyenyewe viko wapi, dada?" mama mmoja mnene akauliza. "Au tukae juu ya huo mwiko?"

Watu wakacheka. Nami nilicheka. Halafu nikahisi kuna mtu nimemkosea, lakini sikujua ni nani.

Mama mkwe alikuwa ameshanionya tangu nilipofika. "Pacha husikilizana," aliniambia. "Ukimlilia yule kwa sauti, huyu atasikia amfuate. Jikaze." Mimi niliishia darasa la saba, na sijui kama niliyaamini maneno hayo. Lakini nilimtazama mtoto yule, mguu wake mwembamba kama kidole changu, nikaogopa kujaribu. Nikanyamaza. Nilichokitaka hasa ni kumlilia mwanangu kwa sauti, kama mama yeyote aliyefiwa. Hilo tu.

Na hata kulia kwenyewe sikujua ningelia nikilaumu nini. Watoto wale hatukuwapata kwa njia ya kawaida. Tulikaa kwenye ndoa miaka mingi bila mtoto, mwisho tukaenda kwa madaktari. Mayai yangu na mbegu za mume wangu vilikutanishwa maabara, kisha mimba mbili zikawekwa tumboni mwangu, zote zikashika. Kanisani walisema ni jibu la maombi. Sikuwakatalia, kwa kuwa niliomba pia. Halafu miguu ikavimba, macho yakaanza kuona vimulimuli, presha ikapanda, nikapasuliwa kabla ya wakati. Sasa jibu la maombi lilikuwa lipi? Wote wawili, au huyu mmoja?

Siku ya kurudi kliniki nilimwuliza daktari, binti mpole aliyeniita mama kila mara.

"Ni yale matibabu yaliyomuua mwanangu?"

Aliweka kalamu chini. "Mama, wanawake wanaopata mimba kwa njia hii, presha huwapanda zaidi kuliko wengine. Mapacha nao huongeza hatari, na huzaliwa mapema. Umri nao unachangia."

"Basi kwangu lilikuwa lipi?"

"Kwako wewe siwezi kuyatenganisha, mama. Nikikuambia ninajua, nitakuwa ninakudanganya."

"Na huyu aliyebaki?"

"Wengi wao hukua vizuri tu, kama watoto wengine. Huyu kwa sababu alizaliwa mapema, tutamwangalia kwa karibu. Usikose kumleta."

Nilishukuru nikatoka. Nilikuja na swali moja, nikaondoka na matatu. Bila matibabu yale, mvulana asingekufa. Lakini bila matibabu yale asingekuwepo, wala huyu niliyembeba. Nililigeuzageuza jambo hilo mpaka Miritini na sikupata pa kulishikia.

Nyumbani nilimsimulia mama mkwe kila neno. Alikuwa akichambua mchicha. Akaacha.

"Kwa hiyo daktari mwenyewe hajui?"

"Hajui, mama."

"Na mimi hilo la pacha kusikilizana niliambiwa tu na mama yangu. Sijawahi kuliona." Akapangusa mikono kwenye leso. "Lakini tusibahatishe. Nipe huyo."

Alimfunika mtoto kichwa kwa ajili ya vumbi, akamkumbatia kifuani. "Ninakwenda naye kwa jirani pale yanaposimama malori. Pana ngurumo za injini, hatasikia kitu. Wewe ingia ndani ulie."

Niliingia nikafunga mlango. Mwanzoni sauti haikutoka. Halafu ikatoka, nami nikashtuka kwa jinsi ilivyokuwa kubwa. Nilimwita mwanangu kwa jina ambalo nilikuwa sijamtajia mtu. Katikati ya kilio nilijikuta ninaomba huyu mwingine asisikie, kisha ninaomba yule asikie, mpaka sikujua tena ninaomba nini.

Mama mkwe aliporudi alisimama mlangoni akanitazama.

"Umemaliza?"

"Sijui, mama."

"Basi mshike huyu, ana njaa. Utamalizia kesho."