Mpima Maji na Kisima cha Shangazi

Mpima maji wa halmashauri hukagua visima vya watu kwa namna ileile: anapiga magoti, ananusa, anajaza kichupa, anakiinua juani huku akiguna. Maji ya mtu hanywi. Yake huyabeba begani. Juzi alimletea shangazi yangu habari njema: kisima chake kimekutwa na vijidudu, kwa hiyo halmashauri itamlipia matengenezo, mradi atie sahihi kwamba maji hayafai.

“Hayafai? Kisima alichochimba marehemu mume wangu kwa mikono yake?” shangazi alifoka, akamchotea glasi nzima. “Kunywa, ndipo uniambie.”

Yule bwana aliyatazama maji, akaguna, akayanywa yote.

“Matamu, mama,” alisema taratibu, akasogeza fomu.

Shangazi alitia sahihi bila kuvaa miwani.