Gesi Iliyokaguliwa Mpaka Ikaisha

Maabara yetu ya Kasongo ilipewa mtambo wa kuchambua mivuke kabla ya kupewa umeme wa kuaminika au mlango unaofungika. Wafadhili walijua kipi kitangulie. Mtambo wenyewe ulikuwa wa ajabu: tone la kinywaji huvukizwa, kisha gesi safi huubeba mvuke huo ndani ya mrija mwembamba kama uzi wa kushonea, na kila kitu kilichomo hutoka kwa zamu yake, kilevi kwa zamu yake na sumu kwa yake. Bila gesi ya kuubeba mvuke, ni sanduku la kuwekea vumbi. Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya kemia, na imani kwamba ukweli ukishapatikana, haki hufuata yenyewe.

Wakati huo wachimbaji wawili wa Salamabila walikuwa wamepofuka baada ya kunywa lutuku, pombe kali inayochemshwa na kutoneshwa majumbani. Kamati ya usafi ya mtaa wetu, baada ya uchunguzi uliotosha kumaliza soda zilizoletwa kikaoni, ilimpata mkosaji: mjane mmoja wa kabila la Wabangubangu aliyepika lutuku nyuma ya soko na kusomesha watoto wake kwayo. Pipa lake na bomba lake la shaba vikaletwa maabara, vimefungwa kamba na kupigwa lakiri. Mtambo usiposema neno kabla ya mwezi kuisha, vingepondwa kwa nyundo mbele ya watu.

Nikaagiza gesi. Waraka wa wakubwa wetu ulikuwa wazi: heliamu, si nyingine. Hidrojeni ilikatazwa kwa kuwa huweza kulipuka, jambo lisilovumilika katika mji ambamo petroli, au esanse kama tunavyoiita, huuzwa kwa chupa za bia kando ya mbabula za makaa.

Mtungi wa heliamu ulifika Kabambare kwa lori, na kutoka hapo ukaletwa kwa pikipiki. Nikaufunga kipimo. Mshale haukutikisika.

"Iko mutupu," nikamwambia mwendesha pikipiki.

"Haiwezekani, Docta. Hakuna mutu aliiba. Kwa kila bariyeri ya barabarani askari walifungua kidogo tu, waone kama si esanse."

"Wakaona nini?"

"Haina rangi, haina harufu, haiwaki. Wakasema ni upepo. Wakatulipisha taxe ya upepo."

"Bariyeri ngapi?"

Akanitazama kwa huruma. "Docta, wewe ulizaliwa wapi?"

Kwenye kona ya maabara kulikuwa na kifaa kidogo, kilicholetwa pamoja na mtambo, kinachotoa hidrojeni katika maji. Kilitaka maji yaliyochemshwa na kutoneshwa upya kutoka mvukeni. Maji ya betri ya sokoni yalikuwa ya kisimani, ila lebo yake ilikuwa safi sana. Katika Kasongo nzima nilijua chombo kimoja tu cha kufanya kazi hiyo, nacho kilikuwa chini ya lakiri.

Mwenyekiti wa kamati aliruhusu lakiri ikatwe. Nadhani alifurahia neno "jaribio". Nikamwita mjane.

"Kumbe mashini yenu inanishitaki, na ni mimi nitaipikia?"

"Ni maji tu, Mama."

"Maji. Marehemu bwana yangu naye alikuwa anarudi nyumbani anasema alikunywa maji."

Alisugua pipa kwa majivu na ndimu, akachemsha, akamwaga, akachemsha tena. Hidrojeni ikapatikana, mtambo ukasema. Lutuku yake ilikuwa na nguvu za kumlaza ng'ombe dume, lakini sumu ya kupofusha haikuwamo. Chupa ya wale wachimbaji, iliyohifadhiwa hospitalini, ilikuwa imechanganywa na spiriti ya viwandani, ambayo haitoki katika pipa la mtu.

Mwenyekiti alinipongeza. Kisha akalizunguka pipa. Serikali kwake, kama kwetu sote, ni Leta.

"Hii ndiyo inaendesha mashini ya Leta?"

"Ndiyo," nikajibu, mimi nisiyesema uongo.

"Basi ni mali ya Leta. Itabaki hapa."

Mjane alikuwa ameketi kwenye benchi, kitenge cha kufungia bomba lake kikiwa tayari magotini. "Ingekuwa na sumu, mungeivunja. Sasa iko safi, munaikamata. Docta, wewe ulisoma. Nielezee tofauti."

Nilifungua droo. Nikautoa ule waraka wa wakubwa wetu. Nikausoma kwa sauti, neno kwa neno: hidrojeni, cheche, paa, kuta, na madhara kwa watu waliosimama karibu. Kufikia "watu waliosimama karibu" mwenyekiti alikuwa amefika mlangoni.

"Na pipa hii ndiyo inaleta hiyo gaz?"

"Maji yake ndiyo yanayoileta."

"Itoke leo. Na hiyo kifaa, zima."

Hakuuliza tulivyoishi na gesi hiyo wiki nzima, wala hakuuliza kama matokeo yaliyopatikana kwa gesi haramu bado ni matokeo. Nami, kwa mara ya kwanza tangu nihitimu, sikumkumbusha.

Nililifunga pipa kwenye pikipiki kwa mikono yangu. Kesho yake moshi ulionekana nyuma ya soko.

Mtambo sasa umefunikwa shuka, naye aliyepofusha wale wachimbaji anaendelea kuuza, maana sina gesi ya kupima chupa nyingine. Nimeagiza heliamu. Ataileta mwendesha pikipiki yuleyule. Ameniahidi kwamba safari hii, askari wa bariyeri wakishaona kuwa ni upepo, atawaomba wafunge.